Nimeolewa na Mmalawi: afanye nini aishi na kufanya kazi kihalali hapa Mbeya?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mzaliwa wa Kyela, kwa sasa naishi Uyole, Mbeya, nina duka la vyakula. Mwaka 2021 nilifunga ndoa kanisani na Mmalawi wa Karonga, na tuna watoto wawili, wote wamezaliwa hapa. Mume wangu ana shahada ya ualimu wa hisabati na fizikia ya chuo cha kwao, lakini hapa anatengeneza simu kwenye kibanda mbele ya duka langu. Kila ikikaribia miezi mitatu anavuka mpaka wa Kasumulu kwenda kugonga pasipoti, anarudi jioni. Kinyakyusa anakiongea kuliko mimi, na kuna mtu mtaani ametuambia tukimpa laki nne atamwandikisha NIDA kama mzaliwa wa Kyela, mambo yaishe. Wengine wanasema ndoa yenyewe inatosha, na kwamba baada ya miaka mitano atakuwa raia. Lipi la kweli? Nitamdhamini vipi mume wangu akae na afanye kazi bila kukimbiakimbia?

JIBU: Marahaba, dada, na ndaga, yaani asante, kwa kueleza yote bila kuficha. Kabla sijafika kwenye ndoa na uraia, naomba mambo mawili yafanyike leo hii. Yule mtu wa mtaani asipewe hata shilingi. Na mumeo afunge kile kibanda, asipokee tena simu ya mteja. Najua hayo ya pili yanaumiza, maana ni ugali wa watoto. Nitakueleza sababu ya kila moja.

Nianze na hiyo laki nne, kwa sababu ndiyo inayoweza kuharibu kila kitu kingine. Sisi watu wa huku tunajua kwamba Wanyakyusa na Wangonde wa Karonga ni ndugu. Mto Songwe haukuwahi kututenga mpaka Wajerumani na Waingereza walipokubaliana mwaka 1890 uwe mpaka wao. Mpaka leo mtu wa Karonga akisimama sokoni Kyela hakuna anayemshangaa. Anaitikia salamu kama sisi, anakula mbalaga, ndizi za kupika, kama sisi. Kwa hiyo kumwandikisha kama mzaliwa wa Kyela kunaonekana jambo jepesi, hata siyo uongo mkubwa sana. Hapo ndipo watu wanapoingia shimoni.

Nilikuwa na mteja mmoja, naye ni wa ng'ambo ile ile, aliyeandikishwa kwa njia hiyo. Kadi aliipata. Akaishi nayo miaka kadhaa, akasajilia laini, akafungulia akaunti ya benki. Siku alipokwenda kuomba pasipoti ya Tanzania aanze biashara ya kusafiri, afisa alimuuliza maswali ya kawaida kabisa: babu yako mzaa baba alizaliwa kijiji gani? Darasa la saba ulimaliza shule ipi? Mwalimu mkuu alikuwa nani? Nani uliyesoma naye yuko hai nimpigie? Alijibu la kwanza, la pili akasita, la tatu akanyamaza. Yaliyofuata yalikuwa mahabusu, kesi ya kutoa taarifa za uongo, na kurudishwa kwao. Mkewe, ambaye alikuwa ameweka saini kama shahidi wa kuzaliwa kwake, naye aliitwa kujieleza. Alikuja ofisini kwangu akiwa na mtoto mgongoni, ameshika ile fomu yenye saini yake, akaniuliza kama inaweza kufutwa. Haikuweza.

Ubaya wake zaidi ni huu: mtu aliyekwisha kujiandikisha kwa uongo amejifungia milango yote halali. Sheria ya Uraia inamtaka mwombaji awe na mwenendo mwema. Kila fomu ya Uhamiaji utakayojaza baadaye inauliza historia yako, na alama za vidole hazisahau. Leo mumeo ni mgeni mwenye pasipoti safi ya Malawi na mke Mtanzania. Hiyo ni mali. Msiiuze kwa laki nne.

Sasa ndoa. Nasikitika kukuambia kwamba wanaosema ndoa yenyewe inatosha wamekosea, na wewe kama mwanamke sheria imekubana kuliko ambavyo ingembana kaka yako. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, sura ya 357, inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote mume akiwa hai, bila kusubiri idadi ya miaka. Kaka yako angeoa Mmalawi mwaka jana, shemeji yako angeweza kupeleka maombi mwaka huu. Lakini mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hana kifungu kama hicho. Anapita mlango wa tajnisi, yaani uraia wa kuomba, pamoja na wageni wengine wote, kana kwamba hana mke hapa. Ile miaka mitano uliyoambiwa haimo popote kwenye sheria yetu. Huenda mtu amechanganya na nchi jirani; Kenya, kwa mfano, Katiba yao ya 2010 inamruhusu mume au mke wa raia kuomba baada ya miaka saba ya ndoa, bila kujali nani mwanamke nani mwanamume.

Katiba yetu wenyewe, ibara ya 13, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Nimekaa na akina mama wengi wa Kyela, Tunduma na Mbozi wenye waume wa ng'ambo, na kila mara nasoma kile kifungu cha mwaka 1995 nikijua kwamba aliye mbele yangu ameumizwa nacho bila kosa lolote. Kinatakiwa kubadilishwa. Lakini mpaka kibadilishwe, nakushauri kwa sheria iliyopo.

Kwa hiyo weka akilini kwamba mumeo anahitaji vitu vitatu, na kila kimoja kina ofisi yake: ruhusa ya kukaa, ruhusa ya kufanya kazi, na baadaye sana, uraia. Kimoja hakileti kingine. Watu wengi wanaoshikwa hapa Mbeya hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na kimoja wakadhani wana viwili.

Kukaa. Hivi sasa anaingia kama mgeni mtembezi. Wamalawi hawahitaji viza kuja Tanzania, wanagongewa siku 90 mpakani, na hapo ndipo mazoea ya kwenda Kasumulu yanapoanzia. Mwaka huu alikuja mume wa mtu, naye anasema hajawahi kuzidisha hata siku moja. Nikamwambia alete pasipoti. Niliifungua juu ya meza, nikapekua kurasa: kutoka asubuhi, kuingia mchana, tarehe ile ile; miezi mitatu, tena; miezi mitatu, tena. Kurasa sita zimejaa mihuri ya mpaka mmoja. Yeye alikuwa anaona ushahidi wa utii wake. Mimi nilikuwa naona anachokiona afisa: mtu anayeishi nchini kwa kibali cha kutembea. Siku yoyote afisa wa mpakani anaweza kumuuliza unakwenda kutembelea wapi mara ya kumi na tatu, akampa siku saba badala ya 90, au akamkatalia kuingia kabisa. Na hana wa kumlaumu.

Njia sahihi ni pasi ya mtegemezi. Hapa ndipo neno lako la kudhamini linapofanya kazi: wewe raia ndiye unayesimama na kusema huyu ni mume wangu, anaishi kwangu, namtunza. Maombi yanapelekwa kupitia mfumo wa mtandao wa Uhamiaji, na ofisi ya mkoa hapa Mbeya ndiyo itakayowaita mkihitajika. Andaa barua yako ya maombi, cheti cha ndoa, kitambulisho chako cha NIDA na cheti chako cha kuzaliwa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, pasipoti yake yenye muda wa kutosha, picha, na barua ya serikali ya mtaa inayoonyesha mnaishi wapi. Pasi hiyo ina muda maalum, nayo huhuishwa. Siyo ukaazi wa kudumu kama ile kadi ya kijani ya Wamarekani, kwa hiyo weka tarehe ya mwisho kwenye simu yako, na anza kuhuisha miezi miwili kabla.

Juu ya cheti cha ndoa nina neno. Umesema mlifunga kanisani. Angalia mlichopewa ni kipi. Kuna makanisa yanatoa cheti chao kizuri chenye picha ya njiwa na pete, na kuna cheti cha ndoa cha serikali kinachotolewa na mfungishaji mwenye leseni, ambacho kumbukumbu zake zinakwenda kwa msajili, yaani RITA. Uhamiaji wanataka hicho cha pili. Kama mnacho cha njiwa peke yake, rudini kwa mchungaji aliyewafungisha mwulize kama ndoa ilisajiliwa, kisha mfike RITA mkahakiki. Kwa wasomaji wengine waliooana kimila tu: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazitambua ndoa za kimila, lakini inawataka wanandoa kuomba usajili ndani ya siku 30. Wengi hawajafanya hivyo, na siku ya Uhamiaji wanakuja na picha za mahari. Ng'ombe walitolewa kweli, hakuna anayebisha, ila afisa anahitaji karatasi.

Pasi ya mtegemezi inamruhusu kukaa. Haimruhusu kufanya kazi, si ya mshahara, si ya kujiajiri. Na hapo tunarudi kwenye kibanda.

Mwezi Julai 2025 serikali ilitoa amri ya leseni za biashara iliyoorodhesha aina 15 za biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Nakutajia zile zinazogusa watu wa huku: kuuza bidhaa kwa jumla na rejareja, ukiondoa zile supamaketi, uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, kutengeneza simu na vifaa vya kielektroniki, saluni, isipokuwa ya hotelini au ya kitalii, uchimbaji mdogo wa madini, jambo linalowagusa walioko Chunya, na kununua mazao shambani, jambo linalowagusa wa Kyela wenye kakao na mpunga na wa Rungwe wenye ndizi na parachichi. Mgeni akipatikana na hatia, faini haipungui shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, na viza au kibali chake kinafutwa. Raia anayemsaidia naye ana adhabu yake: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu.

Soma tena ile orodha, dada. Kutengeneza simu kumo. Duka la rejareja limo. Na kibanda kiko mbele ya duka lako, kwenye eneo unalolipia wewe, kwa hiyo "raia anayemsaidia" ni wewe. Wengine watakuambia aandike kibanda kwa jina lako na yeye aendelee kukaa na bisibisi. Jina kwenye leseni halibadilishi mkono unaoshika kazi, na wanaokagua wanatazama mkono. Hata kukaa dukani akupimie wateja sukari siku nzima ni jambo la kuepuka. Kukusaidia kushusha gunia kama mume yeyote, hakuna atakayemshika. Lakini asiwe ndiye muuzaji.

Sasa nakuja kwenye sehemu ya barua yako iliyonifurahisha, ambayo nadhani wewe umeiandika tu kama habari ya pembeni: mumeo ni mwalimu wa hisabati na fizikia mwenye shahada.

Ajira za wageni zinasimamiwa na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, namba 1 ya mwaka 2015. Kibali cha kazi kinatolewa na Kamishna wa Kazi, na kimegawanywa madaraja. Daraja A ni la wawekezaji. Daraja B limetengwa kwa fani ambazo nchi ilikiri ina upungufu nazo: madaktari na wataalamu wa afya, wataalamu wa mafuta na gesi, na walimu na wahadhiri wa sayansi na hisabati. Daraja C ni taaluma nyingine zote, D ni mashirika ya dini na ya hisani, E ni wakimbizi. Mumeo, ambaye leo anabadilisha vioo vya simu jua likimchoma, yumo moja kwa moja ndani ya daraja B. Hana haja ya kubuni lolote; kipo kifungu kilichoandikwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Lakini kibali hicho hakiombi yeye, wala huombi wewe. Anaomba mwajiri. Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza ni kutafuta shule. Shule za sekondari binafsi na za madhehebu kuanzia Mbeya mjini, Rungwe, Mbozi, hadi Njombe na Iringa zinahangaika kila Januari kutafuta mtu wa fizikia wa kidato cha tano na sita. Mwalimu anapatikana, anakaa muhula mmoja, ajira za serikali zinatangazwa, anaondoka. Mkuu wa shule anayeelewa hali hiyo atamsikiliza mtu ambaye ana mke na watoto Uyole na hana mpango wa kwenda popote. Mwambie mumeo aliseme hilo kwenye barua yake ya kuomba kazi.

Mwajiri akikubali, atatakiwa kuonyesha Kamishna wa Kazi kwamba alijaribu kumpata Mtanzania akamkosa, na atatakiwa kuwa na mpango wa kumwandaa Mtanzania ambaye baadaye atashika nafasi hiyo. Shule nyingi ndogo zinaogopa hapa, zinaona ni mambo ya kampuni za migodi. Siyo makubwa kama yanavyosikika: tangazo la nafasi lililobandikwa na kutolewa kweli, kumbukumbu za waliojitokeza, na barua inayoeleza ni mwalimu gani kijana atakayefanya kazi chini yake. Mimi huwa namshauri mwombaji aandae rasimu ya hayo aende nayo kwa mkuu wa shule. Shule inayosita kwa sababu ya karatasi huacha kusita karatasi zikiwa tayari.

Kazi kubwa zaidi ni vyeti vyake. Cheti cha sekondari cha Malawi kinapelekwa NECTA, Baraza la Mitihani, kulinganishwa na cha hapa. Shahada inapelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kutambuliwa. Na Sheria ya Elimu hairuhusu mtu kufundisha darasani bila kusajiliwa au kupewa leseni ya kufundisha, kwa hiyo wizara ya elimu nayo inahusika. Hatua hizi ndizo zinazokula muda, na uzuri wake ni kwamba mnaweza kuzianza sasa hivi, kabla hata shule haijapatikana. Mume wako asafiri kwenda kwao mara moja, safari hii kwa sababu ya maana, arudi na vyeti halisi, matokeo ya kila mwaka ya chuo, na barua ya polisi wa kwao ya kuonyesha hana rekodi ya uhalifu. Kila karatasi aitoe nakala tatu zilizothibitishwa.

Kibali cha kazi kikitoka, bado hajaruhusiwa kuingia darasani. Kinachofuata ni kibali cha ukaazi cha waajiriwa kutoka Uhamiaji, nacho kwa bahati mbaya kinaitwa daraja B pia. Nimeona watu wamesimama mbele ya afisa wameshika kibali cha kazi daraja B, wanaapa kwamba wana daraja B, na afisa anawaambia hawana. Wote wanasema kweli. Herufi ni moja, ofisi ni mbili, na zote mbili zinalipiwa kwa kiwango kinachotajwa kwa dola. Jumla yake si ndogo, kwa hiyo kubalianeni na shule mapema nani analipa nini, na iandikwe kwenye mkataba. Shule nyingine hulipa kisha hukata kwenye mshahara kidogo kidogo. Hilo halina ubaya kama mmelielewa wote. Malipo yoyote ya serikali yanatoka na namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa benki au kwa simu, risiti inakuja na jina lake. Mtu akikuambia mtumie kwenye namba yake binafsi ili "asukume", ni yule yule wa laki nne aliyevaa shati jingine.

Na kibali hicho kimefungwa kwa shule ile na kazi ile. Akihamia shule nyingine, mwajiri mpya anaanza upya. Akifundisha tuisheni jioni kwa malipo pembeni, amevunja masharti. Mwambie hivyo tangu siku ya kwanza, maana walimu wa fizikia hufuatwa na wazazi mpaka nyumbani.

Utaniuliza kama pasi ya mtegemezi ina haja basi, ikiwa mwishowe atapata kibali cha kazi. Ina haja. Mambo ya vyeti na shule yanaweza kuchukua miezi mingi, na wakati huo wote anatakiwa awe na sababu halali ya kulala nyumbani kwake. Pia kibali cha kazi kina faida ambayo pasi haina: hakisimami juu ya mgongo wako. Pasi ya mtegemezi inakutegemea wewe. Mungu apishe mbali, ukifariki au ndoa ikivunjika, pasi inaanguka na yeye anabaki mgeni asiye na hati, akiwa na watoto wawili Watanzania. Kibali cha ajira kinamsimamisha kwa miguu yake. Ndiyo maana nawasihi wanandoa wote wa namna yenu wasiishie kwenye pasi.

Akiwa mkaazi halali anaweza pia kwenda NIDA, safari hii kwa mlango wa mbele. NIDA wanawasajili wageni wakaazi na kuwapa kitambulisho kinachoonyesha wazi kwamba ni mgeni mkaazi. Kadi hiyo inatosha kwa shughuli zake nyingi za kila siku.

Uraia nitausema kwa ufupi kwa sababu hamjaufikia. Kwa tajnisi anatakiwa awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi hapa jumla ya miaka isiyopungua saba. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na akusudie kuendelea kuishi hapa. Uamuzi ni wa waziri mwenye dhamana ya mambo ya ndani, na sheria haimlazimishi kutoa sababu akikataa. Mumeo akikubaliwa ataukana uraia wa Malawi, kwa sababu Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, hata kama nchi ya kwao inaruhusu. Ila hesabu ya miaka hiyo mnaithibitisha kwa hati. Ile mihuri ya Kasumulu ya kutoka asubuhi na kuingia mchana haionyeshi makazi, inaonyesha matembezi. Saa ya miaka saba, kwa namna ninavyoona maombi yanavyopimwa, inaanza kugonga vizuri siku mtakapopata pasi ya mtegemezi. Kila mwezi mnaochelewa mnausogeza uraia mbali kwa mwezi mmoja. Tunzeni kila pasi na kila kibali kilichoisha muda. Msitupe hata kimoja.

Watoto wasikutie wasiwasi. Wamezaliwa Tanzania na mama yao ni raia, kwa hiyo ni Watanzania kwa kuzaliwa, baba awe wa wapi. Kama baba yao amewaandikisha pia Malawi, wakifika miaka 18 watatakiwa kuchagua. Wachukulie vyeti vya kuzaliwa mapema kama hawana.

Kuhusu shamba hukuuliza, lakini kwa kuwa wewe ni wa Kyela nitaligusa. Ardhi yenu iandikwe kwa jina lako. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na ndoa haibadilishi hilo. Mnaponunua kiwanja, jina la mumeo lisiwekwe kwenye mkataba wa mauziano kwa heshima tu ya kwamba yeye ni baba wa nyumba. Heshima hiyo itawaletea matatizo siku ya kuomba hati. Jasho lake lililoingia kwenye nyumba bado lina haki zake chini ya Sheria ya Ndoa, kwa hiyo asione kama mmemnyima. Kaeni mlizungumze vizuri, na uandike wosia unaowataja watoto.

Nikurudishe kwenye wiki hii. Leo, kibanda kifungwe; kesho, simu za watu zirudishwe. Keshokutwa tafuteni cheti cha ndoa mjue ni cha aina gani. Tarehe ya muhuri wake wa mwisho itazame leo usiku: kama zimebaki siku zaidi ya 30, anzeni maombi ya pasi ya mtegemezi mara moja akiwa ndani ya siku zake. Kama zimebaki chache, nendeni wote wawili ofisi ya Uhamiaji ya mkoa kabla hazijaisha, na si baada, mkaeleze mna ndoa na mnataka kuomba pasi, mwulize awe na hati gani wakati wa kusubiri. Watu wanaogopa kuingia ofisi ile kwa miguu yao. Kwa uzoefu wangu, anayeingia mwenyewe na mkewe na cheti mkononi huongeleshwa tofauti kabisa na anayeletwa kutoka kizuizi cha barabarani.

Mwulize pia afisa swali hili kwa maneno haya haya: "Mume wangu akiwa na pasi ya mtegemezi, shule ikimwombea kibali cha kazi, atahitaji kutoka nchini kwanza au atabadilishiwa akiwa hapa hapa?" Jibu lake liandike pamoja na tarehe. Kisha mumeo aanze barua za shule, maana muhula wa Januari hupangwa mapema, na mwalimu wa fizikia anatafutwa kabla ya shule kufungwa Desemba.